Jembe, wembe na chembe

Mkulima wa Hola, kando ya mto Tana nchini Kenya, akishanoa jembe kwa tupa, hugusa makali kwa kidole gumba, vilevile kinyozi anavyoujaribu wembe. Wala hakosei, kwa maana jembe na wembe ni ndugu wa tumbo moja.

Vua kila neno kiambishi chake uone. Ji-embe ikawa jembe. U-embe ikawa wembe, wingi wake nyembe. Wa tatu ni ki-embe, yaani chembe, kile kichwa cha mshale ambacho wasemaji wengi wa leo wamekisahau. Wazee wetu walitaja makali kwa shina moja, kisha ngeli zikagawa kazi: makubwa ya kulimia, membamba ya kunyolea, madogo ya kuwindia. Sijui sarufi nzuri kuliko hiyo.

Shina lenyewe si la pwani peke yake. Wakamba husema iembe, Wakikuyu icembe. Wataalamu wa lugha za Kibantu hulirudisha kwenye -gembe ya kale. G ikaanguka katika Kiswahili, kama ilivyoanguka kwenye "enda" ambayo Waganda bado huitamka "genda".

Kwa hiyo mahabusu wa vita vya Mau Mau dhidi ya ukoloni wa Waingereza, wengi wao Wakikuyu, waliposhushwa kambi ya Hola, kwenye joto la Tana, neno jembe halikuwa geni masikioni mwao. Walichokikataa ni kumlimia mkoloni kwa lazima. Mpango wa Cowan, uliopewa jina la ofisa wa magereza John Cowan, ulitaka washurutishwe. Tarehe 3 Machi 1959, watu 85 walipelekwa kwenye mradi wa umwagiliaji, wakapigwa kwa marungu. Kumi na mmoja walikufa. Serikali ilitangaza kwanza kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Uchunguzi wa maiti ukaonyesha majeraha ya kipigo. Julai mwaka huohuo bunge la London lilikesha likijadili vifo hivyo, na Enoch Powell, mbunge wa chama tawala, akaishutumu serikali ya chama chake.

Nasema wazi: watu wale hawakuwa wavivu wa jembe. Walikuwa wakulima waliopokonywa mashamba.

Siku hizi mchezaji hodari akisifiwa huambiwa, "Huyu ni jembe!" Na kando ya mto, Tana ikishafurika na kupungua, Wapokomo hushuka kwenye udongo ulioachwa na maji, mpini begani, kupanda mpunga na mahindi.