Kioo kilichofichwa chini ya kanisa

Zamani matajiri wa Ulaya, na wote wenye kuandika barua nyingi, waliweka mezani kitu kizito cha kuzuia karatasi zisipeperuke. Jiwe la mtoni lingetosha kabisa. Lakini mafundi wa Ufaransa walitengeneza kwa kazi hiyo vioo vya mviringo, vyenye maua ndani, navyo vina historia yao.

Baccarat ni mji mdogo wa Lorraine, kando ya mto Meurthe. Kiwanda chake cha vioo kilianza mwaka 1764. Aliyekiomba kwa mfalme Louis XV alikuwa askofu wa Metz, Mgr de Montmorency-Laval. Askofu huyo alikuwa na misitu yenye kuni tele, na watu waliohitaji kazi. Na tanuru la kioo hula kuni usiku na mchana!

Mwaka 1845 fundi Mwitalia, Pietro Bigaglia, alionyesha mjini Vienna vioo vyenye maua madogo mengi. Wafaransa wakaiga upesi, kule Saint-Louis, Baccarat na Clichy. Kazi yenyewe yataka uvumilivu. Fundi hushikamanisha vioo vya rangi mbalimbali vingali vya moto, huvivuta mpaka viwe fimbo ndefu, nyembamba kama bua. Ukiikata fimbo hiyo po pote, utaona ua lile lile. Basi huikata vipande vidogo sana, huvipanga kimoja kimoja, kisha huvifunika kwa kioo safi kilichoyeyuka. Halafu hukipoza polepole, maana kikipoa ghafula hupasuka.

Vioo hivyo havikupendwa muda mrefu. Kufika mwaka 1860 wanunuzi walikuwa wamepungua, na mafundi waliojua kazi hiyo wakafa mmoja mmoja pamoja na ujuzi wao.

Lakini kioo kimoja, chenye mwaka 1853 ndani yake, kiliwekwa katika jiwe la msingi la kanisa la Baccarat. Watu wakakisahau. Mwaka 1944 vita vikaliangusha kanisa. Mwaka 1951, katika mabomoko yake, kioo kikaonekana tena, na maua yake yote. Hapo wenye kiwanda wakaanza kujifunza upya kazi ya mababu zao, na katika miaka ile ile ya 1950 wakatengeneza tena vioo vya namna hiyo.

Kanisa jipya la Mtakatifu Remi lilimalizika mwaka 1957. Kuta zake zimetiwa maelfu ya vipande vya kioo cha rangi, kutoka kiwanda kile kile alichokiombea askofu.