Waliojenga Kuta Hizi

Msomaji, ukisimama kwenye daraja la Lwakhakha, mahali ambapo mto wa jina hilo hutenganisha Kenya na Uganda, hutaona gofu la kukushangaza. Utaona pilikapilika za soko, malori, migomba, na upande wa kaskazini Mlima Elgon, ambao wenyeji huuita Masaba. Ni rahisi kudhani kwamba hapa hapakupata kujengwa kitu cha kudumu. Dhana hiyo nataka tuichunguze pamoja, maana imewapoteza hata mabingwa.

Magofu yana uzuri wenye hila. Utazame mji wa Gedi, karibu na Malindi: kuta za mawe ya matumbawe zimesimama bila mapaa, msikiti mkuu hauna waumini, visima vimekauka, na mizizi ya miti imekumbatia milango. Kaburi moja limeandikwa mwaka wa Kiislamu 802, yaani 1399. Katika karne ya 17 watu walikuwa wameuhama mji. Wengine husema maji ya visima yalishuka, wengine hutaja mashambulio ya adui. Kimya cha namna hiyo humvuta mtu, naye upesi hukijaza kwa mawazo yake mwenyewe. James Kirkman alianza kuchimba huko mwaka 1948, na katika kitabu alichokitoa mwaka 1954 aliuita mji wa Waarabu. Wachimbaji waliokuja baadaye wameonyesha kwamba miji hiyo ya pwani ilikua kutokana na vijiji vya Waswahili wenyewe. Mwaka 2024 Gedi uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Huku Elgon pia jambo kama hilo lilitokea. Joseph Thomson, msafiri wa Kiskoti, alifika mwaka 1883 akakuta watu wakikaa pamoja na ng'ombe wao ndani ya mapango makubwa ya mlima. Hakusadiki kwamba wenyeji wangeweza kuchimba nafasi kubwa hivyo, akawafikiria Wamisri wa kale. Leo tunajua kwamba pango la Kitum, kwa mfano, limepanuliwa na ndovu, ambao huingia gizani na kuchokoa kuta kwa pembe wakitafuta chumvi. Basi heshima ya Mafarao ikaenda kwa ndovu!

Lakini chini ya mlima Wabukusu walijenga kwelikweli. Kijiji chao chenye boma kiliitwa lukoba, na vikiwa vingi, chingoba. Walichimba handaki, na udongo uliotoka humo wakaufanya ukuta wa kuzunguka nyumba. Mlango ukawa mwembamba, ili adui asiweze kuingia pamoja na wenzake. Fikiri, msomaji, ni mikono mingapi iliyohitajika, na hofu kiasi gani, hata ukoo mzima ukakubali kuishi nyuma ya ukuta mmoja. Aliyechimba alijua anachimba kwa ajili ya nani.

Mwaka 1895 kuta hizo zilijaribiwa. Bunduki za Waingereza zilikuwa zimeangukia mikononi mwa Wabukusu, na kikosi cha askari wa Kisudani kilichotumwa kuzidai kiliuawa. C. W. Hobley akaleta jeshi la Wasudani, pamoja na wasaidizi wa Kiganda na Kimasai. Lilianguka boma la Lumboka, kisha likafuata la Chetambe, juu ya kilima kilicho karibu na Webuye. Ukuta uliojengwa kuzuia mkuki haukujengwa kuzuia bunduki ya Maxim. Chetambe mwenyewe alikuwa Mtachoni, na hadi leo Watachoni na Wabukusu hushindana kwa maneno juu ya sifa ya ngome hiyo. Mimi naona ni mabishano yenye afya: hayo angalau hayamtafuti mjenzi ng'ambo ya bahari.

Baada ya vita watu walitawanyika mashambani, na chingoba zikaachwa. Ukuta wa matumbawe ukiachwa huwa gofu. Ukuta wa udongo ukiachwa hunyeshewa, hulainika, hurudi katika handaki ulimotoka, na mtu hupanda mahindi juu yake. Huko Chetambe bado kuna alama ya handaki. Ukienda, usitafute nguzo wala tao. Tembea polepole juu ya kilima, ukiangalia mahali ambapo ardhi inabonyea, nawe utakuwa umefika mlangoni.