Banda umiza: hewa kwanza, picha baadaye

Tanzania, chumba cha kuonyeshea filamu na mpira huitwa banda umiza. Kinachoumiza tunakijua: joto, benchi lisilo na egemeo, watu kubanana. Hatari kubwa zaidi haionekani.

Picha ya projekta hufifia mwanga ukiingia, kwa hiyo mwenye banda huziba madirisha. Jenereta nayo, kwa kuhofia wezi, anaiweka ndani au ukutani kabisa. Moshi wake una gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Kichwa huuma, kizunguzungu hufuata, na aliyesinzia anaweza asiamke tena. Iweke nje, angalau mita 6 kutoka kwenye milango na madirisha, upande ambao upepo haurudishi moshi ndani.

Giza hupatikana bila kuziba hewa. Acha matundu juu ya ukuta, chini ya paa, kisha kinga mwanga kwa ubao uliokaa mbali kidogo na tundu. Kuta zipake rangi iliyokolea; wa mbele tu uwe mweupe.

Bati na kuta tupu huleta mwangwi, na maneno ya anayetafsiri filamu hayashikiki. Tundika mikeka ukuta wa nyuma, mbali na nyaya za umeme. Kelele za mvua ni kazi ya dari, mikeka haiziwezi.

Milango iwe miwili, ifunguke kwa nje, na wa pili usipigwe kufuli eti watu wasiingie bila kulipa.