Alama Zinapovuka Mpaka

Wengi wetu tumelelewa tukiamini kwamba alama ya mtihani ni kama kilo ya sukari dukani: popote uendapo, uzito ni uleule. Historia ya elimu nchini mwetu inatufundisha vingine. Alama ni makubaliano, na makubaliano hubadilishwa na wenye mamlaka. Gharama ya mabadiliko hayo hubebwa na mwanafunzi aliyekutwa njiani.

Tuanze na mpaka wa nchi. Mwaka 1971 Tanzania ilijitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, na mwaka 1973 sheria ikaunda Baraza la Mitihani la Tanzania. Uamuzi ule ulikuwa na hoja nzito ya kujitawala kielimu, lakini uliacha mizani mbili zinazotazamana kinyume. Katika mtihani wa sekondari nchini Kenya, A ina pointi 12, na wingi ndio ubora. Kwetu, katika kidato cha nne, A ni pointi 1, na aliye bora kabisa hupata pointi 7 kwa masomo saba. Familia inayorejea Manzese kutoka Mombasa haiwezi kujumlisha namba hizi mbili. Ni lazima cheti cha mtoto kitafutiwe ulinganifu.

Lakini si lazima uvuke mpaka wa nchi. Matokeo ya kidato cha nne yaliyotangazwa Februari 2013 yaliwaacha zaidi ya nusu ya watahiniwa na daraja sifuri. Mwezi Mei Serikali ikayafuta na kuamuru yapangwe upya. Baadaye mwaka huohuo ukaja mpangilio mwingine, ambao alama 55 ilikuwa B. Ukafuata mfumo wa GPA, na Januari 2016 Waziri wa Elimu, Joyce Ndalichako, akaagiza madaraja yarudishwe. Leo 55 ya kidato cha nne ni C.

Athari yake inaonekana katika miongozo ya udahili ya Tume ya Vyuo Vikuu. B ya kidato cha sita ya mwaka 2014 au 2015 huhesabiwa pointi 3; B ya mwaka 2016 na kuendelea, pointi 4. Tume imefanya haki kutenganisha miaka hiyo. Je, mwajiri au ofisa masjala asiyeujua mwongozo huo atatenganisha?

Naitaja Manzese kwa makusudi. Ilikuwa Kinondoni, leo iko Wilaya ya Ubungo, na hakuna nyumba iliyosogezwa. Wapo vijana wa huko walioacha masomo wakafanya biashara ndogondogo, kisha wakarudi kama watahiniwa wa kujitegemea. Wao nao hawakusogea. Ni mizani iliyohamishwa, nao wakabaki na vyeti vya zama mbili.

Sipingi mageuzi. Ninachodai ni mambo mawili. Kila mpangilio mpya wa alama utangazwe pamoja na jedwali la ulinganifu, kwa Kiswahili chepesi, libandikwe katika kila shule. Pili, mwanafunzi anayehama apewe alama zake ghafi, si herufi pekee. Herufi hubadilika maana mpangilio unapobadilika. Alama ghafi angalau humwezesha mwenyewe kuuliza: nimepimwa kwa mizani ipi?