Chura wa Marsabit na Njia za Neva

Eastlands hakuna anayekupa anwani. Unaambiwa shuka steji, fuata mtaro, ukiona kinyozi kata kushoto, ukisikia mbwa jua umepita. Swali lililonishika kabla niache chuo ni la aina hiyo: ndani ya kiinitete, uzi wa neva unaotoka kwenye jicho unajuaje pa kufikia ubongoni?

Mwaka 1890 Mhispania Santiago Ramón y Cajal alieleza ncha ya uzi unaokua, iliyovimba kama kiganja kinachopapasa. Mwaka 1907 Mmarekani Ross Harrison akaitazama ncha hiyo ikitambaa, hai kabisa, kutoka kwenye kipande cha kiinitete cha chura.

Lakini inapapasa nini? Mwanasayansi Paul Weiss aliamini nyuzi zinaota tu, kisha matumizi yanazipanga. Mwanafunzi wake Roger Sperry hakukubali. Miaka ya 1940 alikata neva ya jicho la chura, akaligeuza jicho juu chini, akangoja iote tena. Nzi akiwa juu, chura anarukia chini. Manze, chura huyo hakuwahi kujirekebisha! Nyuzi zilikuwa zimerudi kwenye anwani zao za zamani. Mwaka 1963 Sperry akaandika kwamba alama hizo ni za kikemikali, na mwaka 1994 protini mojawapo ya kuziongoza nyuzi, netrini, ikatambuliwa kutoka kwa ubongo wa viinitete vya kuku. Nyingine huvuta, nyingine hufukuza, kama wale mbwa.

Sasa njoo nyumbani. Kuna chura wa makucha anayeitwa Xenopus borealis, aliyeelezwa mwaka 1936 kutoka Marsabit. Maabara za ng'ambo zilimfuga miaka kadhaa zikimwita kwa jina la spishi nyingine, hadi 1977 kosa likasahihishwa. Halafu mwaka 1983 Thiébaud akaonyesha kwamba ukimtia rangi ya kwinakrini, viini vya seli zake vinawaka vidoa. Vya binamu yake wa Afrika Kusini, Xenopus laevis, haviwaki hivyo. Ukipandikiza kipande chake kwenye kiinitete cha binamu, unaweza kufuata kila seli ilikoenda, zikiwemo zile zinazohama kutoka mgongoni na kugeuka neva. Hiyo ni safari ya seli, si ya uzi, lakini mimi naona ni swali lile lile la njia.

Vyura hawa bado wanaishi kwenye madimbwi ya nyanda zetu za juu. Vitabu nilivyosomea havikuwataja hata mara moja.