Mkono wa Chuma

Msomaji, usidhani kwamba roboti lazima iwe na kichwa na miguu kama mtu. Jina hilo lilitoka katika mchezo wa kuigiza wa Karel Čapek, uliochapishwa mwaka 1920, nalo lilitokana na neno la Kicheki lenye maana ya kazi ya kushurutishwa, ambayo wazee wetu waliiita shokoa. Lakini roboti ya kwanza kuajiriwa kiwandani ilikuwa mkono tu.

Mkono huo, ulioitwa Unimate, ulikuwa na uzito wa kilo 1,800 hivi. Uliwekwa mwaka 1961 katika kiwanda cha General Motors karibu na mji wa Trenton, Marekani. Mbuni wake alikuwa George Devol. Joseph Engelberger ndiye aliyeutafutia wanunuzi. Kazi yake ilikuwa kutoa vipande vya chuma, vingali vya moto, katika mashine ya kusubu, na kuvipoza. Haukuona wala haukusikia. Ulifuata amri zilizohifadhiwa kwa sumaku ndani yake, ukarudia jambo lile lile mchana kutwa, usiungue wala usichoke. Sioni kwa nini mtu aililie kazi kama ile.

Walakini usifanye haraka kusifu, kwa maana kando ya mkono usiochoka husimama mtu achokaye. Huko Lordstown, katika jimbo la Ohio, kampuni hiyo hiyo iliweka Unimate nyingi za kuchomelea mabodi ya magari. Viwanda vingine vya siku zile vilitoa magari 60 hivi kwa saa. Hapo palikusudiwa 100. Fanya hesabu mwenyewe: fundi aliyezoea kuwa na dakika nzima ya kukaza parafujo zake sasa ana sekunde 36 tu, na gari jingine limekwisha fika mbele yake. Tena wakubwa walikuwa wamepunguza watu, kwa hiyo roboti si wa kulaumiwa peke yake.

Mwezi wa Machi 1972 wafanyakazi, wengi wao vijana, waligoma kwa siku 22. Hawakugombania mshahara, walilalamikia kasi ya kazi, na kutaka wenzao walioachishwa warudishwe. Mgomo ulipokwisha wakaingia tena kiwandani, nazo roboti zikaendelea kuchomelea pale pale.