Kompyuta mpakato nyepesi: istilahi na vipimo vyake mpakani Tunduma

Jina ultrabook halikubuniwa na wanaisimu. Ni la kampuni ya Intel, iliyolitangaza Mei 2011 katika maonyesho ya Computex jijini Taipei na kulifanya alama yake ya biashara. Mtengenezaji aliyetaka kulibandika kwenye kompyuta yake alipewa masharti: prosesa iwe ya Intel, unene usizidi milimita 21, betri idumu saa tano au zaidi, na mashine iamke upesi mara kifuniko kinapofunguliwa. Bei iliyolengwa ilikuwa chini ya dola 1,000 za Marekani. Agosti mwaka huohuo Intel ilitenga mfuko wa dola milioni 300 wa kuwekeza katika kampuni zilizobuni teknolojia ya mashine hizo.

MacBook Air ambayo Steve Jobs aliichomoa kwenye bahasha jukwaani Januari 2008, yenye kilo 1.36, haikuwahi kubeba jina la ultrabook, ingawa ndiyo iliyowaonyesha wengine njia. Kompyuta zenye prosesa za AMD nazo zilikosa jina hilo hata zilipokuwa nyembamba kupita zilizopewa. HP ilizibunia jina lake, Sleekbook. Mfasiri wa Kiswahili anakutana hapa na ugumu wa kwanza: ametupiwa jina la biashara lenye mwenyewe, na msomaji wake anataka jina la aina ya kitu.

Kiswahili hakikatai majina ya biashara. Pikipiki ya magurudumu matatu inayopakia abiria mitaa ya Tunduma huitwa bajaji hata ikiwa imetengenezwa na TVS, na hakuna anayeona kasoro. Bajaji lakini iliingia mitaani pamoja na jina lake, ikaonekana kila siku na kila mtu. Ultrabook haikupata bahati hiyo. Intel yenyewe ililiweka jina kando ikaja na mpango wa Athena mwaka 2019, kisha nembo ya Evo mwaka 2020. Kulikopa leo ni kukopa jina ambalo wenyewe wamekwisha kuliacha, wakati aina ya kompyuta iliyoitwa hivyo imejaa madukani.

Msingi wa istilahi ya Kiswahili tunao tayari. Tanzania tunasema kompyuta mpakato. Kenya wengi huandika kipakatalishi, yaani pakata iliyounganishwa na tarakilishi. Maneno yote mawili yametoka kwenye kitenzi pakata, kinachotumika kwa mtoto anayewekwa mapajani. Mtaani neno laptopu bado ndilo linalotawala. Hata hivyo, mfano wa kishikwambi unatia moyo. Neno hilo lilikuwa geni kwa wengi hadi Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, makarani walipopita nyumba hadi nyumba na vifaa hivyo mikononi, na baadaye vikagawiwa kwa walimu. Neno lilishika kwa sababu kitu chenyewe kilikuwa mbele ya macho ya watu na wakubwa walilitumia bila kuona haya.

Swali linalobaki ni kivumishi. Wauzaji husema nyembamba, kwa kuwa wembamba ndio unaoonekana kwenye picha ya tangazo. Makala haya yanatetea nyepesi. Mzizi -epesi una maana mbili ambazo kompyuta hii inazihitaji zote: uzito mdogo na wepesi wa kutenda. Husemwa mzigo mwepesi, na husemwa pia mtu mwepesi wa miguu au mwepesi wa kuelewa. Kompyuta yenye kilo moja na robo inayochukua dakika tatu kuwaka ni nyembamba tu. Haijafikia kuitwa nyepesi.

Istilahi hupimwa kazini, na Tunduma ni mahali pazuri pa kupimia hii. Mji huu wa Mkoa wa Songwe, mkoa uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, unakaa zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar es Salaam, pale barabara ya TANZAM na reli ya TAZARA zinapoingia Zambia. Ng'ambo ni Nakonde. Kituo cha Huduma kwa Pamoja Mpakani kilizinduliwa Oktoba 2019 na Marais John Magufuli na Edgar Lungu, ili lori likaguliwe na nchi zote mbili mahali pamoja. Nyaraka za shaba inayoshuka kwenda bandarini, na za mafuta na bidhaa zinazopanda, hupita kwenye kompyuta. Wakala wa forodha hushinda njiani kati ya ofisi, yadi ya malori na kaunta, begi begani.

Kipimo cha kwanza ni uzito wa begi zima. Kompyuta mpakato ya kawaida ya inchi 15 mara nyingi huwa na karibu kilo mbili au zaidi. Nyepesi huanzia chini ya kilo moja hadi kilo moja na nusu. Tangazo hutaja uzito wa mashine peke yake. Anayetembea nayo hubeba pia chaja, adapta na waya. Chaja ya zamani yenye tofali lake inaweza kufika nusu kilo, wakati chaja ndogo ya kisasa ya wati 65 ina gramu mia na kitu tu. Uzito uliopunguzwa kwenye kompyuta huweza kurudi wote kupitia chaja.

Cha pili ni umeme, na hapa ndipo wepesi wa kweli unapojulikana. Prosesa za kompyuta mpakato za kawaida mwaka 2011 zilipangiwa wati 35. Za ultrabook zilipangiwa 17, na miaka miwili baadaye 15. Joto likapungua, feni ikawa ndogo, betri ikadumu. Hesabu yake ni rahisi na kila mnunuzi anaweza kuifanya akiwa dukani. Kwenye betri huandikwa volti na ampea-saa, zidisha. Volti 11.4 mara ampea-saa 4 ni wati-saa 45.6. Kompyuta inayotumia wati 7 kwa kuandika na kufungua kurasa za mtandao itakaa saa sita na nusu hivi. Ikitumia wati 15 kwa mkutano wa video, saa tatu tu.

Hesabu hiyohiyo humfaa msafiri wa ndege. Kanuni za usafiri wa anga huruhusu kifaa chenye betri isiyozidi wati-saa 100 kuingia ndani ya ndege bila kibali maalumu, na kompyuta nyepesi karibu zote ziko chini ya kiwango hicho. Betri ya akiba na pawa benki hazipakiwi kwenye sanduku la chini. Hukaa na abiria. Anayetoka Tunduma kwenda kupanda ndege Uwanja wa Songwe, ambao licha ya jina lake uko Mkoa wa Mbeya, ajue hivyo kabla ya kufunga mizigo.

Kwa wasafiri wa barabara, tundu la USB-C lina thamani kuliko wembamba. Tundu la USB la kawaida kwenye kiti cha basi hutoa wati kumi hivi, za kutosha simu, hazitoshi kompyuta. Kompyuta inayochajiwa kwa USB-C huweza kupata umeme kutoka kwenye chaja ya gari inayokubali volti 12 hadi 24, hivyo hata ndani ya lori, ambalo kwa kawaida hutumia volti 24, kazi huendelea bila inveta. Katibu wa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha msingi, ya kahawa huko Mbozi, anayeingiza kilo za kila mwanachama huku umeme umekatika, anaweza kutumia betri ya sola ya volti 12 kwa chaja hiyohiyo.

Wembamba una gharama zake, na wauzaji huzipitia haraka. Katika mashine nyingi nyepesi ram imechomelewa kwenye bodi, haiongezwi. Anayenunua yenye GB 4 kwa matumaini ya kuongeza baadaye ataitumia hivyo hadi mwisho. Kwa kazi za ofisi za leo GB 8 ndiyo ya kuanzia, na 16 ndiyo ya kukaa nayo miaka. Tundu la waya wa mtandao halipo, la HDMI mara nyingi halipo, na adapta lazima inunuliwe. Njia za hewa ni finyu, na vumbi la kiangazi mpakani huziba upesi. Fundi azisafishe kabla feni haijaanza kulia. Kioo nacho kikaguliwe nje ya duka. Mwanga wa niti 250 unatosha ndani, ila yadini saa sita mchana mtumiaji atajiona uso wake badala ya fomu. Niti 400 zinasomeka vizuri zaidi.

Lipo jambo jingine la mpakani ambalo hakuna tangazo linalolitaja. Zambia iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Kompyuta iliyoachwa ijipangie saa kwa kufuata mahali ilipo yaweza kudhani iko Nakonde, na waraka ukapigwa muhuri wa saa isiyo yake. Majira yapangwe kwa mkono, yabaki ya Afrika Mashariki.

Wengi hununua mashine zilizokwisha kutumika, na kwao kipimo kipo bure ndani ya Windows. Fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, bonyeza enta, kisha fungua faili la ripoti linalotajwa hapo. Ripoti itaonyesha tarakimu mbili zilizopangwa juu na chini: uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo uliobaki. Betri iliyozaliwa na wati-saa 50 ikabaki na 30 imepoteza asilimia 40, na bei ishuke kulingana na hilo. Muuzaji anayekataa ripoti hiyo isifunguliwe, aachwe na mashine yake.

Kwa vipimo hivyo, kompyuta mpakato nyepesi ni istilahi inayosimama: inaeleweka bila kamusi, inawahusu watengenezaji wote, na inadai uzito mdogo pamoja na utendaji wa haraka. Wenye maduka Tunduma, Vwawa na Mlowo wanaombwa waiandike kwenye vibandiko vyao, na chini yake waweke mambo manne: uzito pamoja na chaja, wati-saa za betri, ukubwa wa ram, na kama inachajiwa kwa USB-C. Mnunuzi asipoyaona, ayaulize kabla ya kutoa pesa.